Majibu ya Jirani

"Hukuambiwa, ulichungulia!" Fundi cherehani alisimama mlangoni kwake, sindano bado zimechomekwa kifuani mwa gauni. "Huu uvimbe sijamwambia hata mwanangu wa kumzaa. Wewe unanijia na pole!"

Ngazi nzima ilikuwa masikio. Redio, jirani wa mlango wa pili, hakupewa jina hilo bure. Umbeya wa jengo zima ulilala kwake ukaamkia kwa wengine. Lakini safari hii, Mungu wake shahidi, mdomo wake ulikuwa safi, na hilo ndilo lililomuuma: miaka yote ya kuombana chumvi inakwenda hivi hivi.

"Shoga, nilifungua tovuti ya kliniki nione sukari yangu. Likaja jina lako na majibu yako. Nikadhani umenitumia, unataka mtu wa kulia naye."

"Njia ya mwongo fupi, Redio!"

"Haya, tuione." Akaingiza namba yake ya siri kwenye simu, sukari yake hiyo, iko juu kama kawaida. "Sasa fungua wewe, kwa namba yako."

Fundi akafungua kwa hasira. Akasogeza simu karibu na macho.

"Hii... sukari yako. Na jina lako."

Mpangaji wa juu, anayetunza kompyuta za kliniki hiyohiyo, alikuwa akishuka. Akaomba simu, akatazama, uso ukambadilika.

"Mama zangu, hapa hakuna mchawi. Mbele ya tovuti kuna programu, kama bawabu, inayotunza nakala za kurasa ili zifunguke upesi. Kila ukurasa huja na agizo kichwani, nyinyi hamlioni: 'wa mtu huyu tu, usitunze.' Bawabu halisomi. Anampa anayefuata bahasha ya aliyetangulia."

"Wangapi wamesoma yangu?" fundi akauliza.

"Sijui, mama." Alikuwa ameshapiga simu kazini. "Zimeni tovuti. Ndiyo, yote! Sasa hivi!" Akateremka mbio.

Wakabaki wawili.

Fundi alijifuta macho kwa upindo wa gauni. Nyuma yake kijiko kiligonga sahani, kikatulia.

"Binti yuko mezani," alisema chini chini. "Kasikia yote. Ingia tule, mwenzangu. Mimi sijui pa kuanzia, na wewe maneno hayajawahi kukupungukia."