Oili ya Mama

Fundi aliiwasha pikipiki ya mwalimu, mteja wake, akaiacha ingurume mpaka injini ikapata moto, maana oili baridi haitoki yote. Akazima, akasukuma karai chini, akafungua nati. Oili ikashuka nyeusi, nzito kama uji ulioungua. Akachomoa filta ya zamani, ikadondosha makamasi yake, akaweka mpya, akajaza oili safi na kupima kwa kijiti. Kwa kazi ya mikono, hakuna wa kumsema. Kisha akabeba karai hadi nyuma ya gereji, akamwaga uchafu wote mtaroni, kama kawaida yake.

Mtaro ule ulipita chini ya dirisha la mama yake.

Dada yake, aliyekuwa akimuuguza mama, alimkuta ananawa kwa sabuni ya unga. Akamwambia kwamba mama ameanza tena. Jasho jeusi limegeuza mto wa kulalia kuwa tambara la gereji, na asubuhi amekohoa ndani ya chai, chai ikaota upinde wa mvua juu. Dada alikuwa ameionja kabla hajaitazama. Tangu hapo hakuacha kutema mate.

Fundi alikwenda, mama ni mama. Akampangusa shavu, akafikicha kidole kwa kidole.

"Hii imechoka. Ikizidi kukaa, moyo utakwama. Mtembeze kwanza apate joto."

Dada akamzungusha mama uani mpaka akahema. Wakamkalisha kitini, miguu ndani ya karai. Fundi akachokonoa magaga ya visigino kwa ncha ya bisibisi, taratibu, asimuumize. Oili ikatoka kwa matone, halafu kwa utepe, ikiwa na vinyamanyama laini ambavyo dada aliapa hatavitazama, akavitazama. Mama alikuwa anasinzia, kama mtu anayesukwa nywele.

"Kaka," dada alisema, kanga puani, "hii ni ile yako ya mtaroni."

"Najua. Hii ya juu ni ya pikipiki ya mwalimu. Huwa anachelewa sana kubadilisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mletee maji ya uvuguvugu anawe miguu."

Mama alipokauka alirudiwa na rangi yake. Akaomba chai, safari hii isiyo na mapambo. Wote watatu walicheka, dada kwa mdomo uliofumbwa.

Fundi akainua karai. Dada akasimama mlangoni.

"Unaenda kuimwaga wapi?"

Akamtazama kama mteja anayeuliza petroli inaingilia wapi. "Mtaroni. Kwani oili chafu inamwagwa wapi?"

Mama akafumbua jicho moja. "Mpishe mwenzio, mwanangu. Karai hilo zito."

Dada akampisha. Akaisikia ikimiminika chini ya dirisha, pole pole, kwa sauti ya mtu anayemeza. Akatema mate, akaenda kutafuta tambara jingine la kutandika juu ya mto.