Nusu ya Tende Yenye Kokwa

Zuleikha nimemzaa. Rasha sikumzaa, lakini nimemnyonyesha. Mamake alifariki hata arubaini haijatimia, na mimi wakati huo Zuleikha yuko kifuani mchanga. Ziwa la kulia la huyu, la kushoto la yule. Hapa Kiwengwa ukiuliza watoto wa Bi Mwanapili, unaonyeshwa wote wawili.

Walikula sinia moja tangu wadogo. Ramadhani, tende ya kwanza huipasua Rasha kwa kucha: nusu tupu yake, nusu yenye kokwa ya Zuleikha, maana Zuleikha akipenda kuimumunya ile kokwa mpaka tarawehe. Wakaolewa, mambo ni hayo hayo. Wakaingia kazi hoteli moja, chumba kimoja cha kufulia mashuka, na bado Ramadhani wanakuja kwangu kugawana tende.

Ndipo ukaja mgomo.

Kila masika, wageni wakipungua, hoteli huwaambia wafanyakazi kwaherini. Msimu ukirudi wanaandikwa upya, kama watu walioshuka boti jana. Mtu kazeeka na pasi mkononi, hana likizo, hana haki ya uzazi. Safari hii, kabla ya masika kuingia, wakasema basi. Wakatandika mikeka nje ya geti, wakafunga turubai, wakakaa. Na mimi nikaja na birika langu la chai ya tangawizi, maana nyumbani peke yangu nnazungumza na paka.

Siku ile ya mwanzo Talib, mpishi wao na ndiye kiongozi, alisema: "Atakayeingia humu kufanya kazi hapewi salamu wala hajibiwi. Tusome Fatiha." Tukanyanyua mikono. Niliitikia amin kuwashinda wote, wala sijui nnamfungia nani mlango.

Mchana tukiusukuma kwa vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Bi Mwanapili, hilo la watoto wa chekechea," akasema Silima, mkata majani wa hoteli. "Yai! Tupe la watu wazima."

"Haya. Nikimlisha ananenepa, nikimnywesha anakufa."

Silima akakuna kichwa mpaka kofia ikamvuka. "Sina."

"Nipe mji."

"Nakupa Mkokotoni."

"Siutaki, unanuka dagaa."

"Basi chukua hoteli hii!"

Nikaichukua. Nikawaambia, mimi mwenye hoteli sasa nawaandika kazi nyote, mpaka mfe. Walicheka.

"Moto," akasema Rasha polepole, akimalizia kusuka ukili wa mkeka. Yeye ndiye aliyekuwa akivijua vyote.

Ulipoandama mwezi wa Ramadhani tulikuwa bado pale pale, turubai limeshachanika. Hisham, mtoto wa Rasha, ana selimundu, na maumivu yakimshika hata shuka humuumiza. Baba yake hajulikani yuko wapi. Asubuhi moja Rasha akapita mbele yetu kavaa sare ya kazi.

"Asalamu alaykum," akasema.

Hakuna aliyejibu. Mimi nilijibu moyoni, midomo nimeibana. Sijapata kuiacha salamu ya mtu ikaanguka chini hivyo.

Zuleikha hakulia. Usiku, tunaosha vyombo, ndipo akasema: "Angeniambia mimi. Cherehani yangu ningeiuza. Kwa nini hakuniambia, Mama?"

"Kamuulize."

"Tumesoma Fatiha."

Kesho yake getini nikatega: "Nna ndugu wawili, kati yao kilima kidogo. Mmoja akilia na mwenziwe analia, lakini hawajapata kuonana." Hata mtoto anajua kuwa ni macho. Zuleikha akasema, "Mama, wacha vitendawili vyako," na tangu siku hiyo nikaviacha.

Rasha alikuwa akitoka kazini kiza kikishaingia, asitukute. Siku moja ya kumi la mwisho sijui kilimfanya nini akawahi. Geti linafunguliwa na muadhini anaadhini. Sisi tende mkononi, yeye kasimama mbele ya mkeka, midomo imemkauka. Mtu kafunga, adhana imelia, utampitisha hivi hivi?

Nikanyoosha mkono na tende yangu.

"Mama," akasema Zuleikha, "tuliapa."

"Tuliapa tusimsalimu. Tende si salamu."

"Hiyo fatwa umeitoa kwa shekhe gani, Bi Mwanapili?" akauliza Talib, lakini uso kaugeuza, na nikajua kanipa ruhusa.

Rasha akaipokea. Akaipasua kwa kucha. Nusu tupu akaitia kinywani. Ile yenye kokwa akainama, akaiweka pembeni mwa mkeka, mbele ya Zuleikha, akasimama kungoja.

Watu wote wakasahau kula. Zuleikha akaitazama ile nusu. Mkono ukamtoka kidogo, nikasema alhamdulillahi, tayari. Kumbe mkono unakwenda kwenye kikombe cha maji; akapiga funda.

"Mimi nshafungua kwa maji," akasema, akimwambia Talib.

Rasha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia. Akaondoka. Tulipokunja mikeka, ile nusu imeshaingia sisimizi.

Siku mbili kabla ya sikukuu hoteli ikatia mnyororo getini. Masika, wakasema. Waliogoma na walioingia, wote wakaambiwa kwaherini, Rasha pamoja nao. Talib akalishusha turubai peke yake. Rasha akamchukua Hisham akenda naye mjini Mlandege, kwa shangazi yake, awe karibu na hospitali. Hakuja kuniaga, na simlaumu. Nilimpelekea salamu kwamba sikukuu sinia liko pale pale.

Siku ya Idi nikapika pilau, nikapakua sinia moja. Zuleikha akakaa upande wake.

"Mama, Hisham hajambo?"

"Simu unayo."

Akanawa mkono. Akala taratibu, kwa adabu, mpaka katikati ya sinia, hapo akakoma. Upande wa pili hakugusa hata punje; wali umesimama wima kama ukuta.

"Funika," akaniambia. "Usije ukapoa."

Nikaleta kawa nikaufunika. Tukakaa ukumbini, mlango wazi, mpaka alaasiri ikaadhiniwa. Hakuna aliyepiga hodi, na simu yake Zuleikha alikuwa kaishika mkononi muda wote.