Akina Mama wa Nkubu na Mashine ya Kawira

Mfuniko wa sufuria ulitetemeka jikoni kabla ya mapambazuko. Ciakuthii aliushika kwa ncha ya leso usije ukamwamsha mgeni. Kumbe Kawira, mjukuu wake, alikuwa ameshaamka, amejikunja karibu na moto na karatasi zake.

Kazi ya Kawira huko Nairobi ilikuwa ya kompyuta. Jana alikuwa amemweleza nyanya yake kwamba kompyuta hutafutana duniani kwa majina, yaani anwani za tovuti, na kwa miaka mingi majina hayo yalikubali herufi za Kiingereza tu. Sasa wataalamu wa nchi mbalimbali walikuwa wakiandika masharti ili lugha nyingine nazo ziingie. Kawira alikuwa ameandika sharti ili Kimeru kiwemo, na zile i na u zenye kijiwimbi juu. Wenzake wakamwuliza, kuna mtu anayezitumia kweli? Asipowaonyesha, wangelifuta sharti lake.

"Tutawaonyesha," Ciakuthii alisema. "Kwanza kunywa uji. Umekonda kama hiyo kalamu."

Kulipokucha aliwaita akina mama wa kikundi cha kanisa. Mmoja mmoja wakaandika jina la kikundi, lililojaa i na u hizo, kwa chaki, kwenye mlango wa jikoni uliojaa masizi. Regina jirani akamalizia, ulimi nje kwa bidii.

Kawira akautazama mlango. Hakukuwa na kijiwimbi hata kimoja. Uso ukamshuka.

"Kumbe wenzangu walisema kweli."

"Mbona unanuna?" Regina akauliza. "Si tumeandika vizuri?"

"Mmeacha alama zote, mama."

Akina mama wakamgeukia Ciakuthii. Yeye akachochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Mimi ndiye niliyewaambia waziache," akasema. "Ulisema mashine yako haizimezi. Mgeni asiye na meno akija, si tunampondea chakula? Nikaona hata huyu tumpondee."

Kawira akacheka mpaka akashika ukuta. "Nyanya! Mmeihurumia mashine mkanisahau mimi!"

"Wewe una meno."

Regina akazirudisha alama zote, akaongeza mbili kwa ukarimu tu.

Kawira akaandika kisa chote, na juu yake sharti lake kwa maneno mapya, akalisoma kwa sauti: mtu asilazimike kupunguza jina lake ili mashine istarehe.

"Hilo wakilifuta," Regina akasema, "walete hapa hizo sura zao."

Jioni Ciakuthii alimsindikiza mpaka barabara ya Embu, akamshika mkono kwa muda mrefu.

"Usingoje Krismasi," akamwambia. "Kuja tena, hata kama huna kazi na sisi."