Silabi Iliyomezwa na Mlango

Kwenye ghala la nyama na samaki walimwita msichana mmoja Rudia, maana neno hilo halikumwisha mdomoni: "Rudia, kaka." Mashine ya baridi ilinguruma mchana kutwa, na maneno yalimfikia yakiwa na matundu. Aliyoyapata aliyashika kichwani kama maji kiganjani, akingoja ya mbele yaje yazibe matundu ya nyuma. Mara nyingi yaliziba. Lakini akipewa mengi kwa mkupuo, kiganja kilivuja.

Asubuhi moja msimamizi alikuwa amemchoka.

"Leo ukiniambia nirudie, dada, utarudi wewe. Kwenu!"

Wabebaji wakaangua kicheko.

Msimamizi akamwagiza huku anaondoka, mgongo umemgeukia: "Toa samaki wa rafu ya chini, wa juu waache, maini ya jana yatangulie, na u...funge mlango, komeo la..."

Samaki chini. Juu acha. Maini ya jana. Alipoingia chumba cha barafu, kilichosalia kichwani kilikuwa "funge mlango". Kuuliza aliona haya. Akaufunga.

Ndipo alipoliona komeo la ndani. Limekatika, na kipande chake kimenasa mlangoni.

Aligonga mpaka viganja vikafa ganzi. Pumzi yake ilimrudia usoni kama moshi, na kuta zilionekana kusogea. Alikuwa ameanza kukata tamaa aliposikia sauti, mbali kama ya mtu aliye kisimani.

"Dada! Ni mimi, fundi! Nalichokonoa komeo! U...sukume!"

Usukume, au usisukume? Mlango mnene ulikuwa umeimeza silabi. Komeo lile lilijulikana kwa ubishi: likisukumwa kabla ya wakati, linabana moja kwa moja. Mikono ilitaka kusukuma. Bega lilikwisha kugusa chuma. Akalirudisha.

"Rudia!" alipiga ukelele. "Fundi, rudia! Kwa neno jingine!"

Sauti ikajibu: "Ngoja!"

Neno hilo halikuwa na tundu. Akangoja, akijikumbatia, mpaka ikaja "Haya!" Akatia bega, akaanguka nje miguuni pa watu.

"Si nilikwambia usifunge?" msimamizi alifoka.

"Hiyo 'si' ya 'usifunge' haikufika, kaka," alijibu, meno yakigongana. "Siku nyingine sema 'acha wazi'."

Mashine ikanguruma. Msimamizi akatega sikio.

"Umesemaje? Rudia."

Mbebaji mmoja akaziba mdomo kwa kofia. Msichana hakucheka. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na samaki walikuwa bado mle ndani.