Lita Kumi, Kajiado na Kurudi

Safari ya kutoka kwetu Kitengela hadi Kajiado na kurudi ilikuwa ikiigharimu pikapu yangu lita kumi na nne za dizeli. Pikapu ya jirani yangu Lesiamon, iliyotoka kiwandani mwaka mmoja na yangu, yenye injini ya ukubwa ule ule na rangi nyeupe iliyochujuka kwa kiasi kile kile, ilitumia kumi. Ningeweza kuishi na tofauti hiyo kama mke wangu asingeijua.

Mumbi huuza nyasi kavu. Huyanunua marobota huku kwetu na kuyapeleka Kajiado siku ya mnada wa mifugo, ambako wakati wa kiangazi wafugaji humaliza kuyabeba kabla ya adhuhuri. Kwa miaka sita nilimpeleka mimi. Mwaka huu, mwezi wa pili, alianza kukodi pikapu ya Lesiamon. Na kwa kuwa nyasi haziendi sokoni peke yake, yeye pia alianza kupanda pikapu ya Lesiamon.

"Si ubaya, Baba Cate," aliniambia tukila chakula. "Hiyo gari yako inakula mafuta kama iko na mimba. Siku itafika lita kumi, mimi narudi kupanda hiyo. Kumi, si kumi na moja."

"Na kama kasoro si ya gari?"

"Basi tafuta ni ya nani."

Nilifundisha fizikia kwa miaka thelathini na mmoja, nami huitambua kauli inayoweza kupimwa pindi nikiisikia. Hii ilikuwa mojawapo. Kilichokataa kupimwa ni kicheko. Kila siku ya mnada, saa kumi na mbili asubuhi, nilisimama dirishani nikimtazama akipanda gari la mtu mwingine, na kabla mlango haujafungwa alikuwa amekwisha kucheka. Nyumbani huwa hacheki hivyo. Sijawahi kuona sababu ya kumchekesha mtu kabla ya chai.

Nilianza kwa kuwasikiliza watu, kosa ambalo lilichukua siku moja tu. Maina, anayeuza vipuri kando ya barabara, alinishauri kwanza nitumbukize tangini vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Nilipomrudishia vidonge vyake, alitoa sumaku mbili za kufungwa kwenye bomba la mafuta.

"Mwalimu, hii inapanga mafuta laini moja. Yanaingia kwa injini na heshima."

"Yakishaipita sumaku, nani anayazuia yasivunje mstari?"

Maina alirudisha sumaku zake sandukuni. "Wewe hata ukifika mbinguni utaitisha risiti," alisema.

Kwa hiyo nilifuata vitabu, kisha nikamfuata Mulinge, fundi ambaye hafuati vitabu lakini mikono yake huafikiana navyo. Kichujio cha hewa kilikuwa kimeziba kwa vumbi kiasi kwamba ukikielekeza juani huoni mwanga upande wa pili. Tairi zilikuwa na nusu ya upepo unaotakiwa. Nozeli mbili kati ya nne zilikuwa zikidondosha dizeli badala ya kuirusha kama ukungu, jambo lililoeleza moshi mweusi. Tulipoinua gurudumu la nyuma la kushoto na kulisukuma kwa mkono, halikuzunguka hata robo. Breki ilikuwa imeng'ang'ania, na kwa muda usiojulikana nilikuwa nikisafiri nimefunga breki moja.

Mulinge alirekebisha yote. Nilijaza tangi hadi shingoni, nikaenda Kajiado, nikarudi, nikajaza tena kwenye pampu ile ile. Lita kumi na mbili na nusu.

Mumbi aliipokea habari hiyo akikuna nazi. "Umejaribu," alisema, kama asemavyo mwalimu kwa mtoto ambaye hatapita mtihani.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku Lesiamon. Mtu anayetumia lita kumi pale ambapo injini iliyotengenezwa vizuri inatumia kumi na mbili na nusu ama anachanganya mafuta ya taa, ama anadanganya. Jumapili moja, watu wakiwa ndani ya kanisa, nilitoka kimya nikaenda kuinama nyuma ya pikapu yake na kunusa bomba la moshi. Lilinuka dizeli. Mzee wa kanisa alinikuta hapo, akaniuliza kama nimeangusha kitu. Nilimwambia ndiyo.

Wiki iliyofuata, siku ya mnada, niliwafuata yeye na Mumbi. Sikuita hivyo wakati huo, niliita uchunguzi. Niliacha malori mawili kati yetu na kuwatazama kwenye barabara ya Namanga, kupita Kisaju, kupita Isinya. Lesiamon aliendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti. Lori likimtangulia, alibaki nyuma yake bila kinyongo. Mimi nililazimika kukaza mwendo kila walipopotea machoni, kisha kushika breki kila nilipowakaribia mno. Kajiado, waliposhusha marobota ya mwisho, walinunua chai katika kibanda kimoja na kuinywa wamesimama. Mumbi alikuwa akieleza jambo kwa mikono miwili. Katika ndoa yetu ya miaka ishirini na tisa, mimi nimepata mkono mmoja. Nilitangulia kurudi ili wanikute nyumbani. Siku hiyo pikapu ilikunywa lita kumi na tatu na nusu, nami nikaandika kwenye daftari: upepo wa mbele.

Upepo, kwa hakika, ulikuwepo, ila sikuwa nimeuelewa. Aliyenielewesha ni Zipporah, mke wa Lesiamon. Nilikwenda kwao alasiri moja nikijua mume hayupo, kwa nia ya kuichungulia pikapu yake chini. Pikapu haikuwepo pia. Zipporah alikuwa akiwaingiza watoto wa mbuzi ndani ya kizimba cha vyuma kilichowekwa chini uani.

"Sopa, Mwalimu," alinisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Hicho si kizimba cha gari?"

"Ni cha gari siku ya kubeba mbuzi. Siku zingine ni nyumba ya hawa watoto, wasinyonye maziwa yote ikaisha. Akitaka kutoka nacho bure tunakosana." Akafunga mlango wa kizimba kwa kamba. "Na wewe, kwa nini unafuata gari ya bwanangu? Watu wa Isinya waliniuliza kama ako na deni yako."

Nilimwambia ninafanya utafiti.

"Utafiti," alirudia, akimtazama mbuzi aliyekuwa karibu naye, kana kwamba anamtaka naye atoe maoni.

Yafaa nieleze kuhusu kizimba changu. Kilikuwa na kimo cha mtu, kimefunikwa turubai, na kilikuwa kimechomelewa kwenye pikapu kwa miaka minne. Kitengela, chuma kisichochomelewa hulala kwako na kuamkia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilikuwa nimemwona jirani mmoja akipoteza lango. Sikutaka kumwamini mtu, kwa hiyo nilikifunga kwa moto. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: sentensi hiyo nimeiandika ubaoni si chini ya mara sitini. Na bado, kwa miaka minne, kila nilipoyashusha marobota Kajiado, nilirudi nyumbani na pikapu tupu nikikokota chumba cha turubai dhidi ya upepo wa uwanda mzima. Lesiamon alikuwa akifunga nyasi kwa kamba na kurudi mgongo mtupu. Nilikuwa nimeitazama pikapu yake kwa wiki tisa, lakini nilikuwa nimetazama kiti cha mbele.

"Sasa unataka nikate?" Mulinge aliuliza, grainda mkononi. "Mwalimu, si wewe uliniambia nichomelee mpaka shetani ashindwe?"

"Kata."

"Na mwizi je?"

"Kata, Mulinge."

Tulikifunga upya kwa bolti nane ili kiweze kuondolewa. Nilikwenda Kajiado na kurudi bila kizimba. Lita kumi na moja na nusu.

"Bado moja na nusu," alisema Mumbi. Nilimwambia kwamba kiasi hicho kingeweza kuwa kosa la kipimo. Alinijibu kwamba ya Lesiamon inapimwa kwenye pampu ile ile na haikosei.

Siku mbili baadaye Lesiamon alisimama langoni kwangu, mrefu, ametulia, kofia mkononi. "Mwalimu, Zipporah ameniambia ulikuja kupima watoto wa mbuzi."

"Nilikuja kwa jambo jingine."

"Mama Cate ameniambia pia. Sikiza. Siku ya mnada tubadilishane. Mimi niendeshe yako, wewe uendeshe yangu, mzigo sawasawa. Si hivyo ndio mtajua kama ni gari ama ni mtu? Nyinyi walimu mnaitaje?"

"Jaribio."

"Eeh. Hiyo."

Lilikuwa jaribio sahihi kabisa. Nilimwonea wivu kwa kulifikiria kabla yangu, juu ya yale mengine yote. Sikupata hoja ya kulikataa, hata nilipotambua linamaanisha nini, kwa kuwa Mumbi alikwisha kusema: "Mimi nakaa kwa gari ya bwanangu. Si ndiyo inapimwa?"

Tulipakia marobota thelathini kila pikapu. Ili uzito uwe sawa, niliweka gunia la pumba la kilo sabini kwenye kiti cha abiria kando yangu na kulifunga mkanda. Elphas, anayetujazia mafuta, alichungulia dirishani.

"Mwalimu, leo umepata abiria hana maneno."

"Jaza mpaka shingoni."

Hivyo nilisafiri hadi Kajiado nikiwa na gunia, nyuma ya pikapu yangu mwenyewe, nikivitazama vichwa viwili kupitia kioo cha nyuma, katika mwanya kati ya marobota. Kichwa cha kulia kilitulia. Cha kushoto kiligeuka kulia mara arobaini na tatu. Baada ya Isinya sikuweza kuvumilia nikawapita, nikaenda kuwasubiri mbele, nikaona nimefanya jambo la kipuuzi, nikawaacha wanipite.

Tuliuza, tukaanza kurudi. Kilomita tatu nje ya Kajiado, pikapu yangu iliwasha taa ya kushoto, ikatoka barabarani na kusimama mahali pasipo na duka wala nyumba. Nilisimama mita mia moja nyuma. Moyo wangu ulifanya mambo ambayo hayakuwa kwenye jaribio. Milango yote miwili ilifunguka. Lesiamon alishuka, Mumbi akashuka, wakapishana mbele ya gari bila hata kutazamana. Kisha Lesiamon akapanda kushoto, na mke wangu akapanda kulia, akafunga mkanda, akatazama kioo, akaingia barabarani.

Niliwafuata kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kurudi nyumbani. Sasa nilitazama kweli. Kabla ya kila tuta aliondoa mguu mapema, gari likapungua lenyewe, likavuka, likaendelea. Kwenye mteremko aliliacha libebwe na uzito wake. Kwenye mlima hakugombana nao. Kati ya pale na Kisaju, taa za breki za pikapu yangu ziliwaka mara nne. Sijui zangu huwaka mara ngapi, maana hakuna aliyewahi kunifuata, lakini mguu wangu siku hiyo ulikuwa umekwisha kunipa makadirio.

Elphas alijaza. Pikapu yangu: lita tisa na nusu. Pikapu ya Lesiamon, mikononi mwangu: kumi na mbili.

"Pole, Mwalimu," Lesiamon alisema, akimfungulia mkanda abiria wangu. Hakucheka. Ningependelea acheke.

Nyumbani nilimwuliza Mumbi tangu lini.

"Leseni nilipata mwezi wa tatu. Kwa shule ya udereva wanakupa masaa kidogo tu, na ukikaa bila kuendesha unasahau. Lesiamon alisema gari ikiwa tupu hakuna shida, nishike."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia. Mwaka ule Cate aliolewa. Ukanifundisha siku moja."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemweleza jinsi klachi inavyofanya kazi.

"Masaa mawili, Baba Cate. Na gari ilikuwa imezimwa." Alibandika maji ya chai. "'Mkicheka na yeye ni nini?' Hiyo ndiyo ulitaka kuniuliza. Uliza."

"Ni nini?"

"Gia ya tatu. Kila wiki naitafuta, napata ya tano. Yeye anasema, 'Mama Cate, umefika Namanga na bado tuko Kisaju.'"

Haikuwa na uchekeshaji wowote, na nilimwambia hivyo. Alicheka hapo hapo, jikoni, kabla ya chai.

Alitimiza neno lake. Siku ya mnada iliyofuata marobota yalipakiwa kwenye pikapu yangu, na saa kumi na mbili alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Tulipopita kwa Lesiamon alipiga honi mara mbili, naye akainua mkono kutoka uani. Mara mbili ni nyingi kwa salamu ya asubuhi. Nilikuwa nikiitazama mishale ya dashibodi, na kila alipokaribia kilima nilijua ni sekunde gani angepaswa kukanyaga mafuta, na hakukanyaga, na kilima kilikwisha.

"Baba Cate."

"Naam."

"Toa huo mguu. Hapo upande wako hakuna kitu."

Nilitazama chini. Kiatu changu cha kulia kilikuwa kimekandamiza sakafu kwa nguvu hata zulia likajikunja. Nilikiondoa, nikakiweka kando ya kile cha kushoto, naye akaendelea polepole kuelekea Isinya, nyuma ya lori la mchanga, bila kinyongo.