Mkwe wa Stesheni ya Pakwach

Tahiru alishuka Koboko kutoka basi la Arua, mikono mitupu. Mkewe Candiru, mtoto wao mchanga Yakubu kifuani, alimtazama yeye kwanza, kisha akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Mama iko wapi?"

"Treni ilifika. Mimi nangoja mpaka watu yote naisha. Mama hakuna."

Ayikoru, mama mzazi wa Candiru, alizeekea kwenye mashamba ya miwa kule Jinja, na baada ya kumzika mumewe huko hakubakiwa na mtu ila binti huyo. Mwaka ule wa sabini na tano reli ilikuwa bado inaizunguka nchi: unapanda Jinja, unabadilisha Tororo, unapita Soroti na Gulu hadi Pakwach, chuma kinapoishia na mabasi ya Arua yanapoanzia. Ni safari ndefu kwa mwanamke ambaye hajawahi kupanda treni peke yake. Candiru angeenda kumpokea mwenyewe, lakini uzazi ulikuwa umemfunga ndani, akamtuma mumewe.

Tangu jioni ile Candiru hakutulia. Kila gari lililoingia Koboko alilichungulia mlangoni. Siku zile mtu aliweza kupotea kwenye kizuizi cha askari, na ndugu zake wasithubutu hata kuuliza. Candiru aliogopa, na kwa sababu hofu haina adabu, alimgeuzia mumewe kibao.

"Wewe naangalia vizuri kweli?"

"Naangalia," alijibu Tahiru, akainamia cherehani yake.

Kesho yake lori la Elise, Mkongo muuza samaki wakavu, lilisimama mbele ya nyumba. Tahiru alichungulia mara moja, akatimkia uani. Juu ya magunia alikuwa ameketi Ayikoru, ananuka samaki kuanzia kitambaa cha kichwa hadi nyayo. Candiru alimkumbatia hivyo hivyo.

"Mama huyu nakuta stesheni," alisema Elise. "Iko nyuma ya magunia ya pamba, najificha. Nauliza, anasema iko naogopa mutu."

"Mtu gani, mama?"

"Mume yako. Alisimama mlangoni mwa behewa kabisa. Mimi nashuka namna gani? Mkwe naniona uso? Nikapita mlango ingine, nikangoja yeye atume mwanamke. Yeye akapanda basi, akaenda."

Candiru aliugeukia ukuta wa uani. "Baba Yakubu, na wewe?"

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta, ya chini. "Wewe mwenyewe naniambia, kwenu Pajulu mkwe haangalii mama ya mke yake uso. Kila mama mzee napita, mimi naangalia miguu."

Heshima si utumwa, wanasema waliotutangulia, ila hawa wawili nusura heshima iwazike. Candiru alicheka mpaka mshono wa uzazi ukamuuma, kisha akalia, kisha akacheka tena. Kosa lilikuwa lake, na hakujali hata kidogo.

Walimwingiza mama ndani, wakampa mjukuu ampakate. Alimkagua masikio na vidole, akaridhika, halafu akapaza sauti ili wa uani asikie.

"Mkwe yangu iko na adabu mingi, nashukuru. Lakini siku ingine, tuma mutu hana adabu."

"Hakuna siku ingine, mama," alisema Candiru. "Wewe iko nyumbani sasa."

Ayikoru alivua viatu vya safari, akavisukuma chini ya kitanda.