Injini Isiyotaka Kutulia

Vumbi lilipotua, Komang Werdi alikuwa bado ameushika usukani kwa mikono miwili, na mbele yake, mahali palipokuwa na ukuta wa madhabahu ya ukoo, palikuwa na anga. Matofali mekundu yalilala juu ya boneti ya pikapu. Kibanda cha mababu kilikuwa kimeinama upande mmoja. Injini, ambayo mguu wa kulia wa Werdi ulikuwa umekwisha kuiachia, iliendelea kunguruma kwa nguvu zile zile, kana kwamba haijapata habari.

Kaka yake mkubwa, Gede Arsana, mwenye gari, alitoka jikoni na wali ungali mdomoni. Aliutazama ukuta, akameza.

“Umekunywa?”

“Sijakunywa, kaka. Nimeachia klachi tu, limeruka lenyewe.”

“Limeruka. Kwani ni chura?”

Werdi alizima gari, akashuka. Kilichomtisha kuliko ukuta ni kwamba hakuwa na uhakika. Mguu wa mtu waweza kukanyaga bila kumwarifu mwenyewe, na tangu aache shule hakuwa na kazi nyingine ila kubeba nguruwe wa Gede kwa pikapu ile. Gede hakumficha neno: aliyewagonga mababu zake hakabidhiwi hata toroli. Ikithibitika kuwa ni mguu, usukani utakwenda kwa binamu yao.

Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuliendesha, fundi Nengah Sudira aliitwa aje na mkoba wake. Aliwasha injini, akasikiliza.

“Gari limesimama,” alisema, “lakini lenyewe linadhani linapanda mlima wa Kintamani.”

Alianza na skrubu ya kabureta inayopunguza mzunguko. Aliizungusha hadi mwisho, kelele haikupungua. Akabana mipira ya hewa mmoja baada ya mwingine, kutafuta ufa unaovuta upepo usiotakiwa. Hakuna kilichobadilika.

“Si nilisema?” Gede alidakia. “Injini nzima. Ni mguu.”

“Mguu wake huu hapa, nje, kwenye ndala. Unadhani anakanyaga kwa mawazo?”

Sudira akauchomoa waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta. Sasa hata aliyetaka kukanyaga asingeweza. Injini ikaendelea kunguruma. Werdi aliona ajabu kwamba alihisi baridi badala ya nafuu.

Fundi alizima, akaondoa chujio la hewa, akamulika tochi. Akawaita wote wainame. Kijiti cha kabureta, ambacho springi hukirudisha chini kila mguu unapoachia, kilikuwa kimenaswa katikati ya safari. Kilichokinasa ni uzi: mwekundu, mweupe, mweusi, umelowa oili, umefungwa kwa mafundo mazito ya mtu mwenye nia.

“Nimefunga mimi,” ilisema sauti nyuma yao.

Mama yao, Ni Luh Rinten, alikuwa amesimama na tofali mkononi.

“Siku ya Tumpek Landep, tulipovibariki vyuma. Kila mtu anafunga uzi wa ulinzi kwenye kioo. Kioo kinajua nini? Nikamuuliza Werdi, injini inapumulia wapi. Akanionyesha.”

Ni kweli, alimwonyesha. Alijivuna hata, kwa kuulizwa.

“Uzi ulikuwa umelegea, mama,” fundi alisema taratibu. “Leo amekanyaga sana kupanda hapa langoni, kijiti kikapita juu ya fundo, kikashindwa kurudi.”

Kumshtaki mama kwamba amewagonga mababu kwa sala ni kesi ambayo baraza la kijiji halijawahi kuisikiliza, wala Gede hakutaka kuwa wa kwanza kuifungua.

Sudira alichukua pulaizi ya kukatia, akaisogeza kwenye uzi. Kisha akairudisha mkobani.

“Sikati uzi ulionyunyiziwa maji matakatifu. Nina watoto.”

“Wewe?” Gede alishangaa. “Si juzi ulisema miungu haijui kabureta?”

“Nilisema haijui. Sikusema haiangalii.”

“Basi mama aufungue.”

“Siufungui,” alisema Rinten. “Nilimfungia huyu mdogo, anakimbiza gari kama anafukuzwa. Nikiufungua atalindwa na nini?”

Werdi alitaka kujibu, macho yake yakakwama chini ya matofali. Mpini wa ufagio ulikuwa umechomoza hapo. Ufagio wa mama. Kila siku saa kama ile ya ajali alikuwa akifagia chini ya ukuta ule.

“Mama,” alisema, “leo ulikuwa wapi?”

Rinten aliufuata mtazamo wake. Tofali likamtoka mkononi.

“Niliitwa jikoni,” alisema. “Gede alitaka chumvi.”

Rinten akainama juu ya injini yenye joto, akafungua mafundo kwa kucha, moja moja, midomo ikitembea bila sauti. Kijiti kikarudi chini kwa mlio mdogo.

“Washa,” fundi alimwambia Werdi.

Werdi aliwaambia wote wakae mbali na mbele ya gari, akarudia, ndipo akawasha. Injini ilipanda kidogo, ikashuka, ikatulia chini kabisa, ikitetemeka kwa upole. Sudira akairekebisha skrubu aliyoivuruga, akaurudisha na waya wa pedali.

Gede alikuwa akiutazama ufagio.

“Kesho alfajiri kuna nguruwe wa kupeleka Gianyar,” alisema bila kugeuka.

“Anaendesha nani?” Werdi aliuliza.

“Niendeshe mimi, na mgongo huu mbovu?”

Werdi aliitikia kwa kichwa. Alitaka kushuka, lakini mguu wa kulia haukumtii, na alibaki ameketi pale, injini ikinguruma taratibu, mpaka mama yake alipokuja kumfungulia mlango.